Historia ya Mama Khauhelo na Mpichi Uliochanua Bandani

Mchungaji wetu, chifu wetu, wakwe zetu mliotoka Butha-Buthe, majirani wa Ha Ralisale, wanunuzi mliofunga meza zenu pale Hlotse ili mje kumsindikiza aliyewaletea kabichi na mayai, na ninyi nyote mliofiwa pamoja nasi, mimi ni Puseletso, binti wa marehemu mzee Selemo Mofoka, na huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023, alikuwa mke wa kaka yangu, yaani wifi yangu. Familia imenituma nisome maisha yake, ingawa wapo walionong'ona kwamba mdomo wangu ni mkali mno kwa kazi hii, nami nimewajibu kwamba mwenyewe alikwisha kuuzoea.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1955 katika kijiji cha Ha Lepheana, wilaya ya Butha-Buthe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tumelo Lepheana na mkewe, akapewa jina Moliehi, akabatizwa mwaka uleule. Alianza shule ya misheni mwaka 1963, akafika darasa la sita, akaiacha mwaka 1969 mama yake alipoanguka na kushindwa kuinuka, maana nyumba ilikuwa na kuku, bustani na wadogo zake wawili, na hakukuwa na mwingine wa kuvishika vyote hivyo. Hakurudi tena darasani, jambo alilolijutia mpaka mwisho, lakini alijua kusoma Biblia na pakiti za mbegu, na alikuwa akisema kwamba katika hivyo viwili ni kimoja tu kisichodanganya.

Tarehe 11 Septemba 1976 aliolewa na kaka yangu Lebohang Mofoka, aliyekuwa akifanya kazi machimboni Welkom, Afrika Kusini, akaletwa hapa hapa uani mnapokaa, siku ya upepo, mpichi wa baba yangu ukiwa umechanua mti mzima bila jani hata moja, na maua yakimwangukia juu ya blanketi lake jipya. Siku hiyohiyo alipewa jina Mama Khauhelo, kabla hata ya mimba, kama ilivyo desturi yetu, na siku hiyohiyo mama yangu alimwita jikoni akamfundisha kwamba mkwe wa kike halitaji jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo, na kwamba katika nyumba yetu ulimi ukiteleza faini yake ni kuku mmoja, anayepelekwa kwa mtu wa damu ya mzee.

Watoto mnaochezea simu huku nikisoma, sikilizeni hapa, kwa sababu bila hili hamtaelewa kwa nini tunalia. Baba yangu aliitwa Selemo, na selemo, kama mjuavyo, ndilo neno letu la majira haya ya machipuko, na ndilo neno letu la mwaka. Wengine walioolewa kwenye nyumba za akina Thabo na Pule walikwepa neno moja dogo, furaha au mvua, wakaendelea na maisha yao, lakini wifi yangu alinyang'anywa majira mazima na kalenda yote, tena yeye mtu wa bustani, ambaye kazi yake huanza na neno hilo.

Alitazama uani akachukua alichokiona. Majira haya akayaita mpichi, mwaka nao akauita mpichi, na tangu hapo katika nyumba hii mpichi ukichanua ndipo kitalu cha kabichi kilipopandwa, deni la mbolea lilisubiri mpichi ujao, na mtu mzima alikuwa na mipichi hamsini. Khauhelo, mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 20 Machi 1978, alipoulizwa na mwalimu ana umri gani alijibu kwa sauti kubwa, "Nina mipichi saba!" darasa zima likaangua kicheko, akarudi nyumbani analia, na mama yake akamwambia, "Wacheke, baba, mapichi yakiiva watakuja kuomba." Kanisani wimbo ulipofika kwenye neno lile alifumba mdomo akaguna kwa pua, na mimi niliyekuwa nakaa nyuma yake nililiimba kwa nguvu zaidi ili nimchokoze. Baba yangu mwenyewe alikuwa akimwuliza makusudi, "Mkwe, hivi sasa tuko majira gani?" naye hujibu ameinamisha macho, "Ni ya mpichi, baba," na mzee hucheka mpaka akakohoa, kisha anatuambia kwamba hata serikali haijawahi kumheshimu hivyo. Mpichi huo baba aliuotesha mwenyewe kwa kokwa, na alipofariki tarehe 2 Juni 1998, wifi yangu aliufunga kitambaa cheusi shinani.

Mtoto wa pili, Lineo, alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1985, na kati yao kulikuwa na mimba mbili ambazo hazikufika, tunazitaja kwa sababu marehemu hakutaka zisahauliwe. Mumewe alikuwa akirudi kutoka machimboni mara chache, na kazi ya shamba ilikuwa mikononi mwa mkewe, tena mikono yenyewe mnaijua. Majira kama haya alikuwa ameamka kabla ya jogoo, akifunua kitalu alichokifunika kwa magunia dhidi ya barafu ya alfajiri, akigusa miche kwa mgongo wa kidole, akitoka hapo kwenda kwa kuku waliolalia mayai, kila mmoja kwenye tenga lake, na kila mmoja na tabia yake, huyu mdonoaji, yule mzembe anayeacha mayai yapoe akienda kuchakura, na mzembe huyo alikuwa akimwita Puseletso, akidhani sijui. Samadi ya kuku ilikwenda kwenye spinachi, majani ya spinachi yaliyotobolewa yakarudi kwa kuku, vifaranga waliolowa walikaushwa ndani ya fulana ya kaka yangu, na Ijumaa alishika njia ya Hlotse na kabichi zake, vitunguu, bitiruti na mayai aliyoyafunga kwenye nyasi, akauza kwa watu wanaomwambia, "Mama Khauhelo, mpichi umechanua?" yaani miche iko tayari? Mlijifunza lugha yake wenyewe, hakuwalazimisha.

Kaka yangu Lebohang alifariki tarehe 30 Aprili 2009 kwa kifua cha machimbo, na marehemu akabaki mjane, akiendelea na shamba kama kawaida, maana kuku hawajui matanga.

Sasa nafika mahali ambapo wazee wengine walisema nipaguse juu juu, lakini Lineo na Khauhelo wote wawili wameniambia, "Soma, shangazi," nami nasoma.

Mwaka 2012 machimbo yalimwachisha Khauhelo kazi, akarudi nyumbani mtu mzima mwenye haraka. Alitaka kuku wa nyama, wale weupe wa kufugwa bandani, na kila jioni alikuwa akimwambia mama yake, "Mama, watu wa mjini hawataki kuku wa kukimbizana naye uani, wanataka kuku mnene aliyekaa kimya," na mama yake alikuwa akimjibu, "Kuku asiyekimbia ana kosa gani la kuchinjwa?" Hawakuwa wakigombana, walikuwa wakitaniana, na tuliokuwa karibu tulidhani utani huo utakwenda hivyo mpaka mmoja achoke. Julai ya mwaka 2014 marehemu alikwenda kwao Butha-Buthe kumzika dada yake, akakaa juma zima, na nyuma yake Khauhelo akaamua kumfurahisha. Mahali pekee palipo tambarare karibu na mfereji wa maji ni pale uliposimama mpichi. Aliukata, akang'oa kisiki na mizizi yake, akajenga ukuta wa matofali pande nne mpaka usawa wa kifua, akaacha katikati udongo mtupu akisubiri saruji. Nasema hakuwa na ubaya moyoni, na nasema hivi mbele ya jeneza. Alikuwa amekua akisikia mpichi, mpichi, kila siku ya Mungu, mpaka kwake mpichi ukawa neno tu, akasahau kwamba ni mti.

Marehemu aliingia langoni na blanketi lake la msiba, Lineo nyuma yake, mimi nikiwa nimekuja kumpa pole, akasimama, akatazama juu mahali palipokuwa na matawi, akauliza, "Mpichi wa baba uko wapi?" Khauhelo akasema, "Mama, nimekujengea banda." Akasema, "Sijakuuliza banda." Khauhelo akasema, "Ulikuwa umezeeka, mama, mwaka jana mapichi yake yote yalikuwa na funza." Wifi yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza, alisema tu, "Toka. Chukua nguo zako, usikanyage ua huu mpaka mpichi uchanue."

Lineo na mimi tulishusha pumzi, maana tuliijua lugha ya nyumba. Ilikuwa Julai, majira ya machipuko yalikuwa mlangoni, na mama alikuwa amemfukuza mwanawe kwa wiki chache tu, ili vichwa vyote viwili vipoe, kisha arudi kwenye kazi ya kitalu. Lakini Khauhelo alikuwa akitazama shimo alilotoa kisiki. Yeye alisikia mti, na mti alikuwa ameshaufanya kuni, na katika masikio yake neno hilo lilikuwa na maana ya milele. Aliondoka jioni ileile, akavuka mpaka, akaenda mpaka Ceres, huko chini Afrika Kusini, akapata kazi kwenye mashamba ya matunda, kazi ya kupogoa mipichi ya wenyewe.

Agosti ilifika, upepo ukaanza, na marehemu alianika blanketi la Khauhelo juani, akaacha matuta matatu ya karibu na lango bila kulimwa kwa sababu ndiyo mwanawe aliyopenda kuyalima. Septemba ikafika, matuta yakaota magugu, hakuna mtu. Lineo alimpigia kaka yake simu, akamwambia mama anamsubiri, naye akajibu, "Nirudi vipi? Mti niliukata kwa mkono wangu." Basi marehemu akaichukua simu mwenyewe, na sisi tulikuwa jikoni tukisikia, akasema, "Khauhelo, mimi nilimaanisha wakati ule." Akaulizwa, "Wakati gani, mama?" Akasema, "Wakati wa mpichi." Akaulizwa, "Mpichi gani, mama? Haupo." Akasema, "Ule wakati… wakati huu tulio nao." Kisha midomo ikacheza bila sauti, akampa Lineo simu, akatoka nje kwa kuku, akalia huko akidhani kuku wanamficha.

Mimi ni damu ya Selemo, jina hilo kwangu si mwiko, basi nilimpigia kijana nikamwambia wazi, "Mama yako alimaanisha selemo, wewe mwana wa watu, njoo nyumbani," naye alinijibu kwa adabu zote, "Shangazi, usimtengenezee mama maneno. Akinitaka atasema mwenyewe." Nikarudi kwa wifi nikamwambia, "Sema mara moja tu, mzee amelala kaburini, hasikii," naye akanijibu, "Wafu ndio wanaosikia, wifi, viziwi ni sisi." Hivyo ndivyo walivyokuwa, mmoja hataki kulisikia kwa mdomo mwingine, na mwingine hawezi kulitia mdomoni. Tunasema ulimi hauna mfupa, lakini wa huyu ulikuwa nao.

Kwa kuwa alishindwa kulirudisha neno, aliamua kulitimiza kama lilivyosikiwa. Alianza kupanda kokwa za pichi. Kokwa za kwanza zilichipua, kuku wakazichakura, akawatukana kuku matusi ambayo sikujua anayajua. Mwaka uliofuata ulikuwa ule wa ukame, tulikuwa tukichota maji ya kunywa kwa foleni, na bado alikuwa akiiba kikombe kimoja cha chai yake akaumwagie mche, ukakauka hata hivyo. Mwingine uliliwa na mbuzi wa jirani, ambaye yuko hapa leo, namaanisha jirani, na marehemu alishamsamehe. Mwingine ulifika magotini, ukauawa na barafu iliyokuja Septemba mwishoni, wakati hakuna tena anayeitegemea. Alikuwa akipogoa, akipalilia, akiuza, akitotoa, na majira yote ya machipuko alikuwa na jicho moja kwenye mche na jicho moja kwenye lango. Ujumbe haukukatika kabisa, kwa sababu kila Agosti Lineo alimpigia kaka yake, na kila Agosti alianza kwa maneno ya nyumbani, "Kaka, mpichi umechanua," naye humjibu, "Hata huku umechanua," kisha wanaulizana habari za afya na mvua.

Mwaka 2019 Lineo alimkuta mama yake akibeba majivu na ndoo ya maji kuelekea lile banda ambalo hakuna aliyeligusa tangu siku ile. Ndani yake, katikati, pale ambapo saruji haikumwagwa, kokwa iliyotupwa na mtu tusiyemjua ilikuwa imeota, na mche ulikuwa umefika kiunoni, kuta za Khauhelo zikiukinga na upepo, na mbuzi, na kuku, na barafu pia. Marehemu aliweka kidole mdomoni, akamwambia binti yake, "Usimwambie mtu. Huu tukiutaja utasikia." Aliutunza miaka minne bila kuupa jina.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akawa anapumzika katikati ya tuta moja na jingine, na Juni mwaka huu alilazwa hospitalini Hlotse kwa wiki kadhaa. Tarehe 4 Agosti daktari alimruhusu arudi nyumbani, akituambia sisi kando yale ambayo madaktari huwaambia watu kando, na marehemu alipofika hakuomba kitanda, aliomba kiti kiwekwe mlangoni mwa banda. Jumamosi tarehe 12 Agosti, asubuhi, mti ule ulifungua maua yake ya kwanza, machache, kwenye tawi la chini upande wa jua. Aliyatazama mpaka chai ikapoa, kisha akamwambia Lineo, kwa sauti ya mtu aliyelipa kila kitu, "Mpigie kaka yako. Mwambie mpichi umechanua."

Lineo akapiga, akasema, "Kaka, mama anasema mpichi umechanua," na Khauhelo akajibu, "Hata huku umechanua. Mwambie ajikinge na upepo." Na akarudi kazini.

Hapo ndipo majuto yetu yote yalipo, ndugu zangu. Mara ya kwanza mama alisema majira na mwana akasikia mti, mara hii mama alisema mti na mwana akasikia majira. Lineo naye alidhani kaka ameelewa na yuko njiani, mama akadhani hivyo hivyo, na tulikaa wiki mbili tukipika chakula cha mtu mmoja zaidi. Marehemu alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa banda, akielekea lango, akiwarushia kuku punje bila kuwatazama, na upepo wa Agosti, ambao hauna adabu kwa mgonjwa wala kwa mzima, ulianza kuyapukutisha maua.

Jumapili tarehe 27 Agosti Lineo alipiga tena, akamwuliza, "Kaka, mbona hufiki?" naye akauliza, "Nifike wapi?" Lineo akasema, "Si nilikuambia mpichi umechanua?" Khauhelo akasema, "Lineo, kila mwaka unaniambia mpichi umechanua." Lineo akaanza kueleza, mti, banda, ukuta, na kaka yake akamkata kauli, "Usinidanganye kwa sababu mama anaumwa, nitakuja mwenyewe Krismasi nisimame nje ya lango nimsalimie." Marehemu alinyosha mkono akaomba simu.

Mimi sikuwapo, nasoma alivyonieleza Lineo, aliyeishika simu sikioni mwa mama yake. Alisema, "Khauhelo. Selemo imefika." Mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano na hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwa mama yake, hata kanisani. Akaendelea, pole pole, "Selemo imefika, nayo ni ya kumi tangu uondoke. Na mpichi umechanua. Mti, mwanangu, mti wenye mizizi, umo ndani ya banda lako. Njoo sasa." Khauhelo aliuliza, "Mama, umesema nini?" na mama akasema, "Umesikia, usinirudishe tena, nimeshamtukana mzee mara mbili." Alilazimika kulitamka neno la majira ili neno la mti liwe mti tena. Aliliweka miaka arobaini na saba chini ya ulimi, akalitoa kwa ajili ya mwanawe.

Jioni ileile Lineo alikuja kwangu na kuku kwapani, jike lake jekundu, lile bora, akaniambia, "Mama anasema ni faini. Amelitaja jina la babu." Jumatatu asubuhi nilikwenda na kuku wake, nikamwambia, "Wifi, mchukue, baba angecheka tu," naye akanitazama na macho yaliyochoka akasema, "Faini ni faini. Usiniache na lawama ya mzee, huenda nikamkuta kabla yako." Nikarudi na kuku. Siku hiyo Khauhelo alikuwa ameshapanda basi, akiwa na nguo za kazi.

Jumanne tarehe 29 Agosti 2023, alfajiri, marehemu aliomba ainuliwe akalishwe kwenye kiti chake, akafunikwa blanketi, akamwambia Lineo awafungulie kuku. Lineo alifungua, akarusha punje, na aliporudi mama yake alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea lango, amekwisha kwenda. Kuku walikuwa bado hawajamaliza kudonoa, majirani wawili watatu wameanza kuingia, Khauhelo alipotokea njiani. Hakuingia. Alisimama nje ya lango na mkoba wake, makasi ya kupogoa yakiwa bado mfukoni, akaita, "Lineo! Uko wapi huo mti?" Dada yake akamwambia, "Ingia tu, kaka," naye akasema, "Sikanyagi mpaka niuone, mama alisema." Basi Lineo, ambaye hakuwa na nguvu ya kumwambia jambo jingine, alikwenda bandani, akavunja kijiti chenye maua matatu yaliyobaki, akampelekea langoni, akamwekea mkononi. Ndipo Khauhelo akaingia, akapita kando ya matuta, akafika kwenye kiti kile akitabasamu, kijiti amekishika mbele, akidhani amelala.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, watoto wa Lineo, wifi mmoja, na kuku ambao sijawahesabu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari na wauguzi wa Hlotse waliomtibu na wakajua saa ya kumruhusu arudi kwake, majirani mliochota maji na kumwagilia kitalu wakati yeye hawezi tena kuinama, wafanyakazi wenzake Khauhelo huko Ceres walioishika safu yake ya miti ili apande basi bila kubadili nguo, mchungaji aliyekuja licha ya upepo ule, wanawake mnaokoroga vyungu tangu jana, na vijana mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyokauka namna hii. Mkitoka makaburini mtanawa mikono langoni, mtakula, na kabla ya kuondoka kila nyumba ichukue miche ya kabichi kutoka kitaluni, imefika kimo cha kuhamishwa na haiwezi kutusubiri tumalize kulia. Tazameni kushoto mtakapopita bandani. Maua yamekwisha, ila Khauhelo aliyekagua matawi anasema mapichi manne yameshika.

Na wewe, wifi yangu, nakujibu hapa mbele ya watu wote, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa damu wa Selemo aliyebaki. Yule jike wako mwekundu hakukubali kukaa kwangu bure, ameshalalia mayai ndani ya sanduku langu la mablanketi, na siwezi kumfukuza. Akitotoa nitamrudisha, yeye na vifaranga wake wote, mkononi mwa Khauhelo, ndani ya ua huu. Faini yako imefutwa. Litamke jina la mzee upendavyo, tena ukimkuta mwite kwa sauti, atafurahi.

Lala kwa utulivu, Mama Khauhelo. Mwanao amekanyaga uani.